Mlinzi wa Tatu Kutoka Kushoto

Iko siku moja ya ujana wangu, Nuru mjukuu wangu, ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, na jana ulinikumbusha bila kujua. Tulikuwa tumetoka mazoezini kwako Fairfax, mama yako anaendesha, foleni ya kurudi nyumbani Riverdale Park imeganda. Ukasema kesho hutakwenda kwenye onyesho lenu la baleti. Mama yako akakuuliza kwa nini, nawe ukanigeukia mimi. "Babu, mwambie Mama. Mimi ni mti. I'm in the back row, I don't even dance. Nobody will notice kama sipo."

Mama yako akaanza kugomba, nami nikamwomba aangalie barabara. Sikukujibu pale pale, kwa sababu mzee akianza kusimulia wakati watu wana njaa hasikilizwi. Leo ndiyo hiyo kesho yenyewe. Umelala, umekunywa chai, na onyesho ni jioni. Nipe masikio.

Wewe unanijua kama mzee wa kupima viwanja, aliyefanya kazi Upper Marlboro mpaka akastaafu. Hujui kwamba kabla sijapima hata kiwanja kimoja cha Marekani, nilikuwa kwenye baleti. Usicheke. Ilikuwa London, miaka ya hamsini inaelekea kwisha, nami nilikuwa kijana wa Tabora niliyepelekwa kusomea upimaji wa ardhi, mrefu, mwembamba, na mwenye koti moja lisilojua kazi yake. Chumba nilichopanga kilikuwa na baridi ya kutisha. Ukumbi wa maonyesho ulikuwa na joto. Huo ndio mwanzo wa mapenzi yangu na sanaa, sitakuficha.

Zamani zile baleti za Ulaya hazikwisha wafalme. Kila hadithi ilikuwa na ikulu, harusi na jeshi, na wachezaji wa kweli hawakutosha kuijaza ikulu nzima. Basi waliwachukua wanafunzi wa kusimama tu, mmoja ashike bendera, mwingine ashike bilauri isiyo na kitu ndani. Siku ya kwanza walitaka kunipa upepeo wa manyoya ya tausi, nisimame nyuma ya malkia nimpepee. Nikawaambia kwa adabu zote kwamba sikuvuka bahari kuja kumpepea mtu, tena wakati wa baridi. Mwalimu wa wachezaji, mwanamke mzee ambaye sote tulimwita Madamu, akanitazama kutoka unyayo mpaka utosi, akasema huyu apewe mkuki na awekwe mahali panapoonekana. Hivyo nikawa mlinzi wa mfalme, wa tatu kutoka kushoto, na nilijiona kuliko mfalme mwenyewe.

Laiti ungeiona baleti ile kwa nyuma ya pazia. Wasichana waliokuwa ndege weupe mbele ya watu, wakitoka jukwaani tu wanavaa soksi nene za sufu, wanakaa sakafuni na kula chipsi zilizofungwa kwenye gazeti. Viatu vipya walivibana kwenye bawaba za mlango na kuvigonga ukutani mpaka vilainike, kelele mtindo mmoja, ungedhani mafundi seremala wanashindana. Mwana wa mfalme alikuwa na suruali ya kubana iliyomlegea magotini, na kila akifika pembeni aliivuta juu huku akitukana kwa lugha nisiyoijua. Theluji ilikuwa ya karatasi. Onyesho likiisha ilifagiliwa na kurudishwa juu kwa ajili ya kesho yake, na kesho yake ilishuka pamoja na vibanio vya nywele, vifungo, na mara moja ufunguo uliompiga mfalme kwenye taji. Aliendelea kutabasamu, maskini, na sisi walinzi wake tukaendelea kumlinda.

Lakini taa zikiwaka na fidla zikianza, mimi niliyezijua siri zote hizo nilikuwa naamini. Nilikuwa naamini kabisa kwamba wale ni ndege. Sijui mpaka leo jinsi ya kulieleza jambo hilo kwa mtu ambaye hakuwepo.

Furaha ile nilishindwa kuifungia ndani. Niliwaambia wenzangu kutoka nyumbani kwamba niko kwenye baleti, nao wakaelewa walivyoelewa. Rafiki yangu wa kufa na kuzikana, Yusufu wa Lindi, akawakusanya wakaja kunitazama. Walikaa roshani ya juu kabisa, kwenye viti vya wanafunzi, wamevaa tai. Onyesho lilipokwisha nikawakuta nje kwenye mvua. Wengine walikuwa wanacheka wameshikana mabega. Yusufu hakucheka, alinisemesha kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi. "Ndugu yangu, tulikuja kukuona ukicheza. Mbona umesimama kama nguzo ya simu?"

Usiku ule nililala na uamuzi wangu. Asubuhi nikaenda mazoezini, nikaulaza mkuki mbele ya Madamu, nikamwambia naondoka. Nilimweleza kwamba kazi ile haikuwa kazi, na kwamba nikisimama au nisiposimama hakuna atakayejua.

Madamu hakubishana nami. Aliwaamuru wengine waanze harusi ya mfalme, kisha akanishika mkono tukapanda ngazi, yeye na goti lake bovu, akipumzika kila kona, mpaka roshani ya juu walikokaa Yusufu na wenzake. Akaniambia nitazame.

Kutoka kule juu jukwaa zima lilikuwa wazi kama ramani. Mimi ni mpimaji, Nuru, jicho langu linatafuta mstari hata kwenye sahani ya wali. Niliwaona walinzi wamejipanga nusu duara nyuma ya mfalme: mkuki, mkuki, halafu pengo, halafu mkuki, mkuki. Bibi harusi akaingia. Alikuwa ndiye mchezaji mkubwa kuliko wote, mtu ambaye watu walisafiri kuja kumwona. Nikajaribu kumtazama. Jicho likaenda kwenye pengo. Nikalirudisha kwake, likaponyoka tena. Alipofika mbele ya mahali pale, na mikono yake yote ile mizuri, alikuwa kama mtu anayecheza mbele ya mlango ulioachwa wazi.

"Unamtazama nani?" Madamu akaniuliza.

Nikamjibu kwamba naangalia pale nisipokuwepo.

Ndipo akanikaripia, na karipio lenyewe nimelibeba toka London mpaka Tabora, toka Tabora mpaka hapa tulipokaa. "Umedhani nimekupa mkuki ushike," alisema. "Nimekupa yule msichana umshike. Usiniambie tena kwamba umesimama tu. Kusimama ni kazi, na leo umeiacha kazi yako ikawa shimo katikati ya harusi yangu."

Nilishuka zile ngazi mbio. Nikauchukua mkuki wangu, nikasimama, na nikaendelea kusimama msimu mzima. Nilijifunza kupumua bila mabega kupanda. Nilijifunza kuhamisha uzito mguu huu hadi ule bila ncha ya mkuki kutikisika. Pua ikiniwasha niliiacha iwashe. Wachezaji wakaanza kunisalimia kwa jina, wakihangaika nalo mdomoni, na yule bibi harusi alikuwa akinigusa mkono kila anapopita kwenda kungojea zamu yake. Sijui kama alinifanya hirizi au vipi, sikumuuliza.

Mwisho wa msimu nilimbembeleza Yusufu aje tena. Alikuja peke yake. Nilipomkuta nje macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni baridi. Akanieleza habari za bibi harusi tangu mwanzo mpaka mwisho, mikono yake, shingo yake, jinsi alivyoanguka mwishoni mwa hadithi. Nikamuuliza, na mimi je? Akashtuka. Akasema tusameheane, hakuniona hata mara moja. Nuru, nimesifiwa mara nyingi maishani, nimepewa na saa nilipostaafu, lakini sijapata sifa kama ile. Nilirudi kwenye chumba changu cha baridi nimefura kwa fahari, na mpaka leo nikiikumbuka nafura.

Sasa rudi kwenye maneno yako ya jana. Ulisema hakuna atakayeona kama hupo. Umelishika jambo kichwa chini. Ukiwepo, ukasimama inavyotakiwa, ndipo huenda mtu asikuone, maana macho yake yatakuwa kwa rafiki yako Imani anayecheza ndege. Usipokuwepo ndipo watakapoona, nao hawatajua wanaona nini, watadhani tu kwamba Imani hakucheza vizuri. Nawe unajua alivyofanya mazoezi, kwa sababu mlifanya pamoja.

Tena nimekuona jikoni humu, mikono juu, macho mbele, mama yako akikuzunguka na sufuria la pilau huku akilalamika. Hukutikisika. Nilisimama mlangoni nikajifanya natafuta miwani. Nakuambia kweli, mimi na mkuki wangu hatukufika hapo. Katika ukoo wetu mimi nilikuwa wa kwanza kusimama kwenye baleti, na wewe ndiye wa kwanza kuvaa viatu vyake. Najivunia wewe kiasi kwamba majirani wameanza kunikwepa.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukipewa mahali, pajaze. Usipapime kwa idadi ya watu wanaokutazama, papime kwa kile ambacho kitaanguka ukiondoka. Usimwonee kijicho aliyewekwa mbele, yeye hakioni kilicho nyuma yake, anakuamini tu. Na siku utakapowekwa mbele wewe, maana naiona inakuja, wajue kwa majina wote waliosimama nyuma yako, na uwashukuru kabla hujainama kwa ajili ya makofi.

Mama yako atawasha gari saa tisa. Mimi nitakuwa nimeshavaa koti na kufunga mkanda, uje usije, na nimemwambia anikatie tiketi ya juu kabisa, mimi na magoti yangu tutajuana wenyewe. Nikifika nitatazama mstari wa miti. Ukiwepo, nitamwangalia Imani kwa raha zangu. Usipokuwepo, nitakuangalia wewe tu jioni nzima.

Mwenyezi Mungu akupe miguu imara na mgongo ulionyooka. Akupe moyo wa kusimama kwa ajili ya mwenzako na mwenzako wa kusimama kwa ajili yako. Na akupe umri mrefu, Nuru wangu, upate mjukuu wa kumwambia kwa fahari kwamba uliwahi kuwa mti. Amina.