Kofia Iliyomeza Bwana Yangu

Wakati ule, kisha uhuru, vijana ba Kamembe balikuwa banafuga nywele kama banamuziki ba ng'ambo ya ziwa, Bukavu. Bwana yangu yeye alizidi. Ndege walikuwa wanatua pale kichwani kuuliza kama kuna nyumba ya kupanga. Siku ya ndoa yetu nilizungusha uzi kwa kichwa yake, nikapima, nikakata, nikauficha. Kwetu bibi anashonea bwana yake kofia ya Idi kwa siri, na hapimi tena.

Kisha mutoto wetu wa kwanza akafa. Alikuwa anaanza tu kutembea. Bwana yangu alinyoa nywele zote, vile banafanya kwao Nzahaha wakiwa na kilio, na sauti yake ikaenda pamoja na nywele. Akabaki mule nyumbani kama kiti. Mama mukwe akaniambia:

"Mukaza mwana, hii ndoa inazimika. Fanya kitu."

Mi najua kitu gani? Sindano tu.

Kila asubuhi ukungu ulikuwa unapanda toka ziwa Kivu, unaingia bila hodi, unakaa kwa mukeka karibu yangu. Mule ndani nilikuwa naona mutoto anatembea juu ya maji, anavuta uzi wangu. Pale alipita ndipo nilishona: njia za bluu, na miguu yake midogo midogo. Vishimo vya ile kofia, mbu angepita kwa ubavu tu!

Asubuhi ya Idi nikamuvalisha. Kofia ikashuka. Ikapita paji, ikapita macho, ikasimama kwa pua. Ndugu zangu, nilikuwa nimepima nywele, sikupima kichwa!

Mama mukwe akashika mudomo. Mi nikasema moyoni: imekwisha, leo ananirudisha kwetu Bugarama nikafukuze ndege kwa mpunga.

Chini ya kofia sauti ya bwana yangu ikatoka, ikiniita mimi Maman kama zamani:

"Maman, huyu bwana mwenye kichwa hii, anaishi wapi?"

Nikacheka mpaka Bukavu balisikia. Naye akacheka, kofia ikitetemeka, kisha nikaona machozi yanafika kwa kidevu. Akaivua, akapitisha kidole kwa ile miguu ya bluu, akaita jina ya mutoto wetu. Mara ya kwanza tangu maziko.

"Lete nipunguze," nikamuambia.

"Acha, Maman. Nitafuga nywele mpaka inienee."

Akaivaa tena mpaka puani, akaenda nayo kuswali, ameishika kwa mukono, anatafuta njia kupitia vishimo.