Uwanja wa Mama, Jakobsberg

Tuliponunua nyumba yetu huku Sweden, Jakobsberg, moja ya zile nyumba zilizoungana kwa safu, bustani sikuitazama hata kidogo. Nilitazama jiko, nikatazama bafu, nikauliza mwendo wa kwenda stesheni ya treni. Kile kipande cha nyuma, chenye ukoka na ua wa miti mifupi unaotutenga na jirani, nilikiona ni kitu kinachokuja na nyumba tu, kama bomba la mvua. Mume wangu, Mkongo wa Bukavu, alinunua mashine ya kukatia nyasi, akaisukuma kiangazi kimoja akiwa amevaa viatu vya kanisani, basi. Majani yalipopukutika tuliyaacha palepale. Theluji ikayafunika, nasi tukasema afadhali, hayaonekani.

Majira ya baridi hayo nilikuwa na mimba, ya kwanza, na mama yangu akaja kutoka Singida kunilea uzazi. Kwetu hilo halijadiliwi. Binti akijifungua mara ya kwanza, mama yake huwapo. Yeye ndiye wa kumkanda kwa maji ya moto, ndiye wa kumpikia uji wa pilipili manga, ndiye wa kumwogesha mtoto wakati mzazi mwenyewe bado anaogopa hata kumshika shingo. Kliniki za huku ni nzuri na wakunga wake ni wapole, siwasemi vibaya, lakini hakuna mkunga atakayekuja kukukanda tumbo asubuhi na jioni. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee Sundbyberg, nawaamrisha wanaume wakubwa wameze dawa na wanameza, lakini nilimtaka mama yangu kama mtoto wa chekechea.

Alifika Machi, viza ya miezi mitatu mkononi. Wiki haijaisha akaniambia, "Mwanangu, mwambie mwenzio anibadilishie tiketi. Nataka kurudi nyumbani."

"Mama! Na mtoto je?"

"Utajifungua tu. Kwani wewe ndiye wa kwanza?"

Nikamuuliza, ni baridi? Hapana. Ni chakula? Hapana. Kuna mtu kakukosea? "Hakuna aliyenikosea. Nataka kurudi, basi." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Ikawa ndiyo maisha yake. Nikitoka kazini namkuta kakaa kitandani, koti mwilini, kilemba kichwani, mkoba mapajani, kama abiria ambaye basi lake limechelewa. Nilikasirika, sitaficha. Nililia pia, jikoni, nikikata vitunguu ili nipate kisingizio.

Mume wangu ndiye aliyeng'amua. Ofisi yao iko Kista, ila siku nyingi anafanyia kazi nyumbani, kompyuta kwenye meza ya sebuleni. Jioni moja akanivuta pembeni. "Bon, sikia. Mama hana shida na Sweden. Shida ni mimi, mukwe."

Lo! Nilijiona mjinga. Kwetu mama na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja wakatazamana. Hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Si chuki, ni heshima, na mama yangu ni mtu wa heshima mpaka kwenye kucha. Nyumbani Singida kuna uwani, kuna jiko la nje, kuna mlango wa nyuma, kila mtu anapata pa kupita. Nyumba yetu ina sebule moja, na ili ufike jikoni au chooni sharti ukatize mbele ya mkwe aliyekaa na soksi. Mama alikuwa anabana haja mpaka mkwe aende kununua maziwa. Maskini mama yangu! Nilipolijua hilo nilicheka huku machozi yananitoka.

Tangu siku ile mume wangu akawa anapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe. Nasema kweli. Akitaka kushuka ngazi, anakohoa kwanza kule juu. Akirudi kutoka kazini, anafungua mlango kidogo, anaita, "Hodi, mama, hodi!" kisha anasubiri nje kwenye baridi, funguo mkononi, majirani wanamwangalia, mpaka asikie mlango wa nyuma umefungwa. Kumbe mlango wa nyuma tulikuwa nao siku zote. Theluji ilikuwa imeyeyuka, na huko nyuma ndiko Mama alikopata pa kukimbilia.

Alichokikuta huko kilimtia aibu kwa niaba yetu. Majani yaliyooza yamekuwa meusi, ukoka una rangi ya chai ya rangi, na kila penye kivuli kumetanda kile kijani laini kama sponji, Waswidi wanakiita mossa. "Jamani! Huu ndio uwanja wa watu wanaolala na kuamka?" akaniuliza. "Na wewe mja mzito, mgeni akija kumwona mtoto utamkaribisha hapa?"

Jirani yetu alikuwa mama mmoja mstaafu, mrefu, mkimya, ambaye kwa muda wote tuliokaa pale tulisalimiana naye kwa kutikisa kichwa tu. Pasaka ilipokaribia alikuja mlangoni na kifurushi cha vijiti, vya ule mti wenye gome jeupe, vimefungwa manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi ya njano na ya waridi. Huku ndivyo wanavyopamba nyumba msimu huo, wanavitia kwenye chombo cha maji mezani mpaka vichipue. Mimi nilikuwa kazini. Mama alivipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akashukuru kwa Kiswahili. Niliporudi, manyoya yalikuwa ndani ya bakuli na vijiti vimekwisha kuwa fagio.

"Yule mama ana akili," Mama akaniambia, akilipima fagio mkononi. "Kaona uwanja wetu ulivyo, kaniletea vijiti. Ila manyoya sijui ya nini."

Kesho yake akafagia. Na mama yangu akifagia, anafagia. Mossa iling'oka mabonge mabonge. Fagio liliposhindwa, alilikuta jembe dogo kwenye stoo, waliloliacha waliotuuzia nyumba. Niliporudi jioni, kuanzia mlango wa nyuma mpaka karibu na katikati, ukoka haupo. Udongo mtupu, mweusi, umefagiliwa mistari kwa mistari.

Nikashika kiuno. "Mama! Ukoka wetu!"

"Ukoka gani mlangoni? Mnataka nyoka?"

"Huku hakuna nyoka, mama."

"Utawaonaje, na nyasi zote hizi?"

Nilipoinua macho, jirani anachungulia juu ya ua. Akazunguka, akaja upande wetu. Nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi kwa Kiswidi. Hakunitazama. Alilitazama fagio, akaliomba kwa mkono, akaligeuza, akakuta kwenye kamba unyoya mmoja wa waridi umebaki. Nilitamani ardhi ipasuke nizame. Yule mama mkimya aliangua kicheko mpaka akashikilia ua. Akaniambia bibi yake alikuwa akitengeneza mafagio ya nje kwa mti huohuo, hajaliona fagio kama lile tangu utoto. Akasema pia kwamba mossa ndivyo inavyotakiwa, ing'olewe hivyo hivyo majira ya kuchipua, na kwamba alitamani kutuambia tangu mwaka jana ila hakutaka kuonekana anaingilia ya watu. Kisha akaenda kwake, akarudi na mfuko.

"Nini hiyo?" Mama akauliza.

"Mbegu."

"Za nini?"

"Za nyasi, mama."

"Za nyasi? Hizi nyasi? Kanunua? Dukani?" Mama akakaa kwenye ngazi, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kilemba. Tangu afike sikuwa nimemsikia akicheka. "Mngeniambia, ningekuja na gunia zima!"

Wakabishana kwa mikono. Jirani anaonyesha mbegu zimwagwe kote, Mama anaonyesha kwa fagio kwamba hapa, hapana. Mwishowe Mama akageuza fagio, akachora mstari ardhini kwa mpini, kutoka kona ya nyumba hadi kwenye ua. Upande ule wako, upande huu wangu. Jirani akaufikiria, akakubali. Wakamwaga mbegu upande wa pili, wakazifunika kwa udongo kiduchu, na jirani akaleta benchi lake la zamani akaliweka upande wa Mama. Kila asubuhi mmoja anamwagilia, mwingine anafagia, wanaongea kila mmoja lugha yake. Siku moja niliwasikia wakigombana juu ya kiasi cha maji, na nadhani walielewana vizuri tu.

Mume wangu akaniuliza, "Tiketi ya mama, nibadilishe tarehe ama?" Nilimwendea Mama pale benchini.

"Mama, ile tiketi..."

"Tiketi gani? Niende, huyu mama anijazie nyasi mpaka mlangoni?"

Niligeuza uso nisionekane. Usiku huo nililala usingizi wa mtu aliyetua mzigo.

Binti yetu alizaliwa Mei. Nilikandwa mpaka nikapiga mayowe, nikanywa uji mpaka nikauchukia, na sijawahi kutunzwa vile maishani mwangu. Nyasi za jirani ziliota wakati huohuo, nyembamba kama nywele za kichanga. Siku ya kumtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza, Mama alikaa naye kwenye benchi, na mume wangu akasimama upande wa nyasi, nyuma ya mstari, anatamani lakini havuki. Mama akainuka, akatembea hadi kwenye mstari, akamkabidhi mtoto huku macho ameyainamisha. "Mpokee mwanao, baba."

"Aksanti, mama," mume wangu akasema. Hawajawahi kusemezana zaidi ya hapo uso kwa uso.

Arobaini haikutimia, viza ya Mama ikaisha. Asubuhi ya safari Mama aliamka kabla yetu, akafagia uwanja wake wote, kisha akaenda kukaa kwenye benchi mpaka tulipomwita. Nyayo za makubazi yake zilibaki kwenye ule udongo laini, kutoka kwenye benchi hadi mlangoni. Kwetu msafiri akiondoka hufagii, ni kama unamfukuza, unasubiri afike. Sikumweleza mtu. Lakini mume wangu aliporudi kutoka uwanja wa ndege alizunguka kupitia kwenye nyasi, na jirani alipokuja na kikapu cha mboga za majani alitazama chini, naye akazunguka kupitia kwenye nyasi.

Kesho yake simu ikalia.

"Nimefika salama," Mama akasema. "Sasa fagia."

Nikampa baba yake mtoto, nikachukua fagio, nikafagia kama alivyonifundisha, mistari kwa mistari. Nilipofika mbele ya benchi, pale miguu yake ilipokuwa imetulia, nikapazunguka.