Jumapili Tatu za Kuhama Roki

Mgomo ulipofunga chuo kikuu, katikati ya miaka ya tisini, nilirudi kwetu karibu na Sotik nikiwa na gitaa la umeme katika nyumba isiyokuwa na umeme. Chuoni nilipiga roki na wenzangu wa bwenini, sauti juu kabisa, mguu ukiwa kwenye pedali ile inayokwaruza sauti mpaka gitaa lingurume kama trekta. Niliamini kwamba muziki usiotikisa madirisha unaficha kitu. Nilikuwa na mashaka kuhusu serikali, mitihani na hata mahubiri, lakini sauti kubwa sikuwahi kuitilia shaka.

Nyumbani, bila amplifaya, gitaa hilo lililia kama mbu. Kwa hiyo niliposikia kwamba klabu ya wafanyakazi wa shamba moja la chai upande wa Kericho ina bendi, tena yenye vyombo vyake, nilikwenda Jumapili hiyohiyo. Waliniambia ni bendi ya jazi. Sikusisimka. Bendi nyingi za ujana wa wazazi wetu zilijiita jazi huku zikipiga rumba, nikadhani nitakuta hiyo.

Nilikuta kitu ambacho masikio yangu hayakujua pa kukiweka. Karani mmoja wa ofisi ya shamba, mzee mnene kutoka upande wa ziwa, alikuwa akipuliza saksafoni kama mtu anayesimulia umbea mtamu. Mpiga dramu alisugua ngoma kwa vifagio vya waya, na kando yake mtu wa besi, lile gitaa la sauti nzito, akimfuata. Na mpiga gitaa, kwa kweli, alikuwa kama hafanyi kitu. Aligusa nyuzi, akaacha. Akagusa tena mahali ambapo sikutarajia. Lakini kila alipogusa, wimbo mzima uligeuka, kama chumba kinavyogeuka mtu akifungua pazia. Nilisimama pale mlangoni na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa. Nilitaka kujua anafanyaje, na nilitaka kujua papo hapo.

Walipopumzika nilimfuata mzee wa saksafoni, ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi. Akaniambia mpiga gitaa wao anahamishiwa Nairobi.

"Wewe unapiga?" akauliza.

"Napiga roki, Mzee."

"Hiyo watu hupona. Njoo Jumapili tatu zijazo. Mbili za kwanza nitakufundisha asubuhi. Ya tatu utapiga na sisi mbele ya watu. Ukiweza, kiti ni chako. Ukishindwa natafuta mtu wa kinanda, na mambo ya gitaa yanaishia hapo."

Sikulala vizuri wiki hiyo kwa furaha.

Somo la kwanza lilikuwa la kuvunja. Kordi zangu za roki, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zilikuwa nene na zilianzia chini kwenye nyuzi nzito. Mzee alinizuia nisiziguse kabisa nyuzi hizo.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Mtu wa besi ameshazipiga. Unataka kumsaidia kupumua pia?"

"Sasa kordi itajulikanaje kama nimeiondolea mguu?"

"Piga, halafu uniambie kama haijulikani."

Nikapiga nyuzi nne za juu tu, naye mtu wa besi akaweka noti yake chini. Nywele zilinisimama. Kordi ilikuwa kamili, tena ilikuwa na kitu kingine juu yake, kama uchachu wa ndimu. Nilicheka kwa sauti. Mzee akanitazama kama daktari anayeona dawa inafanya kazi. Kisha akanitazama mguu, ambao ulikuwa ukikanyaga mpigo wa kwanza na wa tatu, akatikisa kichwa. "Wa pili na wa nne, kijana. Huo unaokanyaga ni wa gwaride."

Kwa siku zote zilizobaki nilifanya mazoezi ukingoni mwa shamba letu la majani chai huku Mama akichuma.

"Weri, huo wimbo unaanza lini?" akaniuliza siku moja bila kugeuka, akiniita "kijana" kwa lugha yetu.

"Umeshaanza, Mama."

"Ai! Nilifikiri bado unatafuta vidole."

"Ndivyo jazi ilivyo."

"Basi wakiniuliza kanisani unasomea nini, mimi nitasema ukulima."

Jumapili ya tatu ukumbi ulijaa: makarani, watu wa kiwandani, wake zao, watoto wakiwa na soda. Nilikaa kwenye kile kiti. Nilikuwa nimebeba pedali yangu ya roki, nikaiweka miguuni, kwa sababu sikuwa tayari kuamini jambo lolote kwa asilimia mia. Wimbo wa pili ulikuwa ukienda vizuri kiasi kwamba nilianza kutabasamu. Ndipo mvua ya mawe ikaanguka juu ya mabati.

Kwetu kila mtu anajua la kufanya mvua ya mawe ikianguka. Mhubiri hukatiza neno, mwalimu huweka chaki chini, wanaogombana hunyamaza, na watu husubiri. Nilikua nikifanya hivyo. Lakini miaka ya chuo na tamaa ya kile kiti viliniambia jingine: nikafungua sauti mpaka mwisho na kukanyaga pedali. Gitaa likanguruma. Nilipigana na mbingu kwa muda, peke yangu, kabla ya kuinua macho. Bendi nzima ilikuwa imeacha. Mzee alikuwa ameketi, saksafoni mapajani, ametulia kama yuko kanisani.

Nikaacha. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikajua kiti kimekwenda.

Kisha nikaona mguu wa mpiga dramu. Ulikuwa ukigonga sakafu polepole, wa pili, wa nne. Hawakuwa wameacha! Wimbo ulikuwa ukiendelea kati yao bila sauti, kila mmoja akiubeba kichwani. Nikaondoa mguu kwenye pedali, nikashusha sauti, nikaufuata ule mguu, nikijaribu kukisia tuko wapi. Mawe yalipoanza kupungua juu ya mabati, kabla hayajaisha, nikaweka kordi moja ndogo. Mtu wa besi akaitikia. Vifagio vikaingia. Mzee akasimama, akapuliza, na ukumbi ukapiga kelele kana kwamba tulikuwa tumepanga.

Baadaye alinikuta nikikunja waya.

"Uliingia mapema kidogo," akasema.

"Mlikuwa mmefika wapi?"

"Nusu ya ubeti nyuma yako. Tulikukimbilia."

"Na mlijuaje kwamba..."

"Kijana. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja. Hiyo takataka ya kukanyaga iache kwenu."

Nje nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Nikatembea juu yake mpaka barabarani nikikanyaga wa pili na wa nne, jambo ambalo haliwezekani kabisa, kwa sababu mguu mwingine lazima ukanyage wa kwanza na wa tatu. Nililijaribu hata hivyo.