Thora, Mpanda Farasi Mwenye Masharubu ya Bandia

Saa mbili asubuhi, Delphine Hauck anafungua kopo la bati lenye kutu na kulinusa kabla hajagusa kitu. Filamu za zamani huoza, na pua yake hujua mapema kuliko macho.

"Soksi za mchunga ng'ombe," anasema, uso kaukunja. "Filamu zikinuka hivi bado tuna nafasi. Zikigeuka unga, basi tena."

Delphine, 58, ni fundi wa filamu katika maktaba ya mji mdogo wa jimbo la Montana, Marekani. Alikulia kwenye ranchi, na ukiitazama mikono yake minene huwezi kuamini ndiyo inayobandua utepe uliogandana, picha moja baada ya nyingine.

Makopo hayo yalikutwa Machi chini ya sakafu ya ghala. Ndani yake mna sinema ya kauboi ya kuchekesha, isiyo na sauti, iliyohesabiwa kuwa imepotea kwa karibu miaka mia. Ni ya dakika ishirini. Ameshaokoa kumi na mbili, na kopo la mwisho linaoza haraka kuliko mengine.

Kila Jumanne huja Mzee Orville Stenerson, 93. Marehemu mama yake, Thora, alishikilia maisha yake yote kwamba alipanda farasi katika sinema hiyo. Jina lake halimo popote, na nyumbani walimwona mzushi.

"Umemwona?" huuliza kabla hajavua kofia.

"Bado, mzee wangu. Wanawake wamo watatu tu, na wote kazi yao kuzimia."

"Mama hakuwa wa kuzimia. Tafuta, binti."

Wiki tisa walitafuta mpanda farasi mwenye gauni. Kisha Delphine akamwona shujaa mwenyewe, masharubu na yote, akimpanda farasi kwa upande wa kulia.

"Huku kwetu hata mtoto hupandia kushoto," anasema. "Nikampigia simu. Nikamuuliza, mama yako alipandia upande gani?"

Orville alijibu: "Kulia. Goti lake la kushoto lilivunjwa na fahali."

Kumbe michezo yote ya hatari ya shujaa ilichezwa na Thora, ndani ya suruali ya mwanamume.

Jumanne hii, kopo la mwisho limetoa picha mia mbili nzima. Farasi anasimama ghafla, mpandaji anatumbukia kwenye hodhi la ng'ombe, masharubu yanabanduka. Orville anainamia lenzi ya kukuzia picha kwa muda mrefu.

"Anacheka," anasema. "Nyumbani sikumwona akicheka hivi." Machozi yanamtoka, na Delphine naye hajizuii.

Sinema itaonyeshwa maktabani Septemba, mpiga kinanda wa kanisa akiisindikiza. Delphine amepanga kutanguliza kwenye skrini kibao chenye jina la Thora, na alikuwa na mchoraji wa kukiandika. Orville amemkataa mchoraji, ingawa mkono wake unatetemeka hata kushika kikombe.

"Mimi kuliko wote ndiye niliyemwita mwongo," anasema. "Nipe kalamu. Jina lake nitaliandika mwenyewe."