Alama Nyeusi Upande wa Bukavu

Ninyi mliokulia Uvira miaka ile ambapo redio moja ilitosha ua mzima, na betri zake zikianikwa juani ili zipate nguvu ya siku mbili nyingine, hamtashangaa nikisema kwamba kiangazi chetu kilikuwa na harufu. Kilinukia vumbi, moshi wa kuni, na ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa saa ile jua linapozama nyuma ya milima. Shule zilikuwa zimefungwa. Asubuhi tulikuwa ziwani, mchana tulikuwa tukifukuza mpira wa makaratasi, na jioni tulitafuta kosa la kufanya kabla ya kuitwa kula.

Mwaka ninaoukumbuka, watu wazima walikuwa na mazungumzo mazito waliyoyafanya kwa sauti ya chini, kwani bonde la Ruzizi lilikuwa limejaa wakimbizi. Sisi watoto tulikuwa na jambo letu. Redio ya Babu ilitangaza kwamba nyota yenye mkia imevunjika vipande, na kwamba vipande hivyo vitaigonga Jupita, sayari kubwa kuliko zote, upande wake wa kusini, kimoja baada ya kingine kwa siku kadhaa, vikiacha makovu meusi. Watu wa kawaida wenye darubini za nyumbani, redio ilisema, wangeyaona na kuyaandika.

Darubini hatukuwa nayo, lakini Mjomba alikuwa mpima ardhi. Katika sanduku la mbao chini ya kitanda chake aliweka teodoliti, yaani kile chombo cha miguu mitatu chenye lenzi ambacho wapimaji hukichungulia barabarani. Mtaa wetu wa Kasenga ulikiita mashini, na uliiogopa. Mama Zawadi, jirani yetu aliyekaanga beignets, yaani maandazi, kando ya njia, aliamini kwamba kiwanja kikichunguliwa na mashini hiyo leo, kesho kinaamka kimepungua.

"Mupimaji," alimwambia Mjomba, "siku mashini yako itaangalia parcelle yangu, nitaimwangia mafuta ya moto."

Kwa sababu hiyo Mjomba aliweka sheria: nyumbani mashini hutazama juu tu. Sisi watoto hatukuwahi kuona kupitia kwayo mti, kuku, wala binadamu. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwani ndilo lililoniangusha.

Tulikuwa wawili, mimi na dada yangu Furaha, binti wa mama mkubwa, aliyenizidi mwaka mmoja na ukimya wa miaka kumi. Mjomba alituahidi kwamba atakayeweka daftari bora la makovu ya Jupita atafuatana naye Lemera, huko milimani, ambako alikuwa na barabara ya kupima. Hatukuwahi kupanda milima ile tuliyoitazama kila siku. Tulisikia kwamba huko watu hulala chini ya blanketi mbili katikati ya kiangazi na hunywa maziwa kama sisi tunavyokunywa maji. Zaidi ya hayo, atakayekwenda angekaa mbele garini, sanduku la mashini mapajani, mtaa mzima ukimwona.

Kila jioni, baada ya kutoka kazini, Mjomba aliisimamisha mashini uani na kuielekeza Jupita, iliyokuwa juu ya milima. Lenzi ilikuwa imeinuka sana, hivyo tulipiga magoti na kukunja shingo kama kuku anayekunywa maji. Kila mmoja alitazama peke yake na kuchora peke yake. Mjomba aliingia ndani kula, na alisema kwamba hatayafungua madaftari hadi Jumamosi.

Jioni ya kwanza nilitazama hadi machozi yakanitoka. Niliona punje ya mchele inayotetemeka. Furaha alipiga magoti, akatazama, kisha akachora duara na, karibu na ukingo wake, nukta moja ndogo. Siku ya pili alichora mbili. Mimi nikaona punje ileile.

Leo navaa miwani minene kama chini ya chupa, na najua kilichokuwa kikinisibu. Wakati ule nilijua tu kwamba kukiri ni kubaki Uvira. Kwa hiyo jioni ya tatu nilitumia akili, kitu ambacho wazazi wetu walitusihi tukitumie bila kutaja mipaka. Redio ilisema makovu yako kusini. Ukiitazama milima kutoka uani kwetu, kusini ni mkono wa kushoto, kwenye barabara ya Baraka. Kaskazini ni mkono wa kulia, kwenye barabara ya Bukavu. Hata mtoto wa kunyonya alilijua hilo. Nikakaa jikoni, bakuli la ndagala pembeni, nikachora maduara mazuri kwa kuzungusha mfuniko wa kopo, na makovu yote nikayapanga upande wa Baraka. Niliyapa ukubwa tofauti ili yapendeze.

Babu, ambaye kwake redio ilikuwa ndugu mkubwa wa ukoo, ndiye aliyeomba kuyaona madaftari kabla ya siku. Langu alilitikisia kichwa kwa heshima. La Furaha aliligeuza mara mbili, kwa sababu nukta zake zote zilikuwa upande wa kulia.

"Redio imesema kusini," alisema. "Kusini njo Baraka. Sasa hizi alama zako ziko naenda Bukavu kufanya nini?"

"Babu, nimechora penye nimeziona."

"Basi weye unajua kupita redio?"

Ua mzima ulicheka. Kuanzia hapo Furaha aliitwa Bukavu. Akitumwa maji, aliulizwa kama atapitia Bukavu. Mama Zawadi, ambaye hakuipenda mashini wala Jupita, alimuuzia beignet huku akimuuliza bei ya viazi huko. Mimi, kwa wema ambao hadi leo unaniwasha masikio, nilimpelekea gomme yangu ya kufutia, mpya, ikiwa bado ndani ya karatasi.

"Kamata, dada. Futa tu, uhamishe. Hakuna mutu atajua."

Aliitazama gomme, akanitazama mimi. "Minye nitajua," alisema. Jioni hiyo akaongeza nukta ya tatu, kulia.

Mjomba aliyasikia yote hayo kutoka dirishani, akitafuna.

Jumamosi alasiri alituita uani, akayafungua madaftari mapajani. Langu lilikuwa safi kama la mwalimu. La Furaha lilikuwa na mavumbi na alama ya goti. Akanigeukia.

"Weye macho yako ni ya ajabu," akasema. Kisha akaibeba mashini hadi mwisho wa ua, akaielekeza ziwani, akaniambia nichungulie.

Maji yalikuwa juu na mbingu chini. Mtumbwi ulining'inia kichwa chini, wavuvi wawili wakipiga makasia bila kuanguka, na badala ya kwenda Kalundu kama nilivyouona kwa macho yangu, ulikuwa ukirudi Bujumbura.

"Hii mashini inapindua kila kitu," Mjomba alisema taratibu. "Ya juu inakuwa chini, ya kushoto inakuwa kuume. Mwenye ameangalia kweli, Baraka ataiona kwa Bukavu. Sasa kwako weye Jupita ilisimama sawasawa. Ulitumia mashini ya nani?"

Jibu lilitoka kwa Mama Zawadi, aliyeona lenzi imeshuka kutoka mbinguni na kuja mbio na kijiko chake cha kukaangia, akiuliza nani anapima kiwanja chake.

Furaha alikwenda Lemera. Alirudi baada ya wiki mbili, akinuka maziwa, na hakuniambia jambo lolote kuhusu safari ile hadi nilipomlipa kwa kumchotea maji mwezi mzima.

Siku hizi anafundisha fizikia hapahapa Kasenga, na ana darubini ndogo ya kweli. Jupita bado hugongwa mara chache. Mwanga humetameta kwa sekunde moja au mbili na kupotea, na huwa ni watu wa kawaida, duniani kote, wanaounasa. Wanafunzi wake hufunga simu kwenye darubini, wakakaa kando wakiandikiana ujumbe, kisha wakaiuliza simu imeona nini. Picha huja imekwisha kugeuzwa sawasawa. Sisi, mashini yenyewe ilituumbua; vijana hawa hawana hata njia ya kukamatwa.

Mwezi uliopita nilimtembelea, naye akaniweka kwenye darubini. Nilipiga magoti ya mtu mzima, nikatazama muda mrefu. Jupita ilikuwa nzuri, ya duara, na tupu. Alinipa penseli na daftari, na kando yake akaweka gomme mpya ikiwa bado ndani ya karatasi.

Nikachora duara, la kupinda kidogo. Chini yake nikaandika: Nimetazama, sikuona kitu. Furaha akasoma, akatia sahihi.

Gomme niliiacha palepale mezani.