Kikadi cha Mbuzi

Fundi wetu wa cherehani hapa Bombo huongea na pini mdomoni, hata shikamoo yake hutokea puani. Miaka hii ya shida, sabuni ikipatikana, watu huikata vipande wakapeana Krismasi, na yeye ndiye anayetengeneza vikadi vya kufunga kwenye zawadi. Hukata maboksi ya chai kwa mkasi wa nguo, hulamba penseli, huchora, halafu hutoboa kwa sindano na kupitisha uzi wa katani. Majina haandiki, maana wengi wetu hatusomi. Kila mtu ana mchoro wake. Mke wangu Koleta alikuwa kibuyu. Mimi ni mbuzi.

"Mbuzi gani huyu ana mkia wa mbwa?" mimi humwuliza fundi kila mwaka.

"Mpokee hivyo hivyo, baba. Malisho hakuna."

Mwaka huu tulimzika Koleta wakati wa kuvuna maharage. Zawadi zilipogawiwa nje ya kanisa nilijibanza ukutani, naogopa kumwona mbuzi peke yake. Fundi akanifuata, mkono nyuma, mdomoni hana hata pini moja. Akanipa kipande changu cha sabuni. Kwenye kikadi mbuzi alikuwepo, shingoni kafungwa kibuyu.

"Nimemfungia, baba," akasema, "asije akaenda mtoni bila chombo."

Nikakitazama sana.

"Mkia bado ni wa mbwa," nikamwambia.

Tulicheka mpaka padri akageuka.