Kilo Nilizozitangaza

Mwanangu, sasa unapoanza ukunga, kuna siku moja ya vita hapa mjini Baraka ambayo nikiikumbuka, uso unaniwaka mpaka leo. Nilikuwa mkunga mpya, mdomo mbele, akili nyuma.

Mama mmoja wa kijiji cha njia ya Lubondja, mimba ya miezi minane, alikuja kupimwa. Tansio yake, presha ya damu, ilikuwa juu sana. Nikaiandika kwenye fishi, karatasi yake ya vipimo, nikampandisha kwenye mizani. Bamama wengine walikuwa kwenye foleni, wamekonda kwa kukimbia-kimbia porini. Nikapaza sauti: "Yoo! Kilo mia na mbili! Katika vita hii, nani anakulisha?"

Wakacheka. Mmoja akajibu, "Uliza basoda!" Wakati ule, neno kama hilo, kwamba unalishwa na askari, lingeweza kumletea mtu kifo. Yule mama akashuka, akajifunga kitenge chake, akaenda bila kuaga.

Kesho yake Mama Riziki, mkubwa wetu pale materniti, wodi ya wazazi, akaisoma ile fishi. Nilidhani atanipiga.

"Kilo ulizitangaza. Na tansio, ulimwambia?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Basi enda umulete. Usirudi peke yako."

Njiani kulikuwa na vizuizi vya wenye silaha. Nilimkuta amelala nyuma ya nyumba, kichwa kinamuuma vibaya, macho hayaoni vizuri.

"Sirudi kule," akasema. "Banitukane tena? Miye nilizaliwa hivi, hata mama yangu iko hivi. Nakula sombe, majani ya muhogo, kama bote."

Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi. "Mama, nilikukosea mbele ya bantu, unisamehe. Lakini kuna jambo sikukuambia. Tansio yako iko juu. Inaweza kukuua, weye na mutoto."

Akaniangalia sana. "Ulijua tangu jana?"

"Nilijua, mama."

Akakubali twende, kaka zake wakambeba kwa machela. Degedege lilimshika mara mbili kabla hatujafika. Yeye alipona. Mtoto, binti, alizaliwa bila kulia, na hakulia kamwe.

Ndiyo maana nakusumbua, mwanangu. Mpime mama pasipo na masikio ya watu. Uzito wake usiufiche, maana hatari iko kweli, ila muombe kwanza ruhusa muuzungumzie, na umsikilize naye. Asitoke mlangoni kabla hajaelewa kinachomtishia. Mungu aulainishe ulimi wako, na kila mama utakayempima aondoke kwako akiwa na hamu ya kurudi.